Mfupa Uliogoma Kuunga: Mawimbi Mshtuko Yana Uwezo Gani?

Anayevunjika mguu huambiwa asubiri, na kwa walio wengi subira huvuta heri. Baada ya miezi mitatu au minne picha ya eksirei huonyesha mfupa mchanga umeziba ufa, magongo yanawekwa kando, mtu anarudi kazini. Lakini wapo ambao mwezi wa tisa huwakuta na ufa ule ule. Mguu unauma kila wanapoukanyagia, kazi imesimama, akiba imekwisha, na daktari ameanza kutaja upasuaji wa pili. Kwa wagonjwa wa aina hii, tangu miaka ya 1990 hospitali kadhaa za Ulaya na Asia zimekuwa zikitoa tiba isiyohitaji kisu: mawimbi mshtuko, yaani mapigo mafupi ya shinikizo kubwa yanayorushwa kutoka nje ya mwili hadi mahali mfupa ulipovunjika.

Tiba hii imesifiwa kupita kiasi na imedharauliwa kupita kiasi. Wanaoiuza huifanya dawa ya kila maumivu, kuanzia kisigino hadi bega. Wanaoipinga huiweka kapu moja na vifaa vya umeme vinavyouzwa kwa matangazo. Ushahidi uliopo hauwaungi mkono kikamilifu wala hawa wala wale. Mawimbi mshtuko yanaweza kuuamsha mfupa uliolala, lakini hayaushiki mfupa unaochezacheza, hayajazi pengo, na hayauhuishi mfupa uliokufa. Kwa hiyo jambo la kwanza kuulizwa ni kwa nini mfupa wenyewe umegoma. Swali la kama mashine ni nzuri linakuja baadaye.

Kwa nini mfupa hugoma

Ngozi ikikatika hubaki na kovu. Mfupa ukivunjika hujengeka upya kwa mfupa halisi, na baada ya miaka kadhaa huenda hata alama isionekane. Kazi hiyo inahitaji mambo manne kwa pamoja: damu ya kutosha, seli hai za kujenga mfupa, ncha mbili zilizo karibu, na utulivu. Moja likikosekana, ujenzi hukwama. Mifupa nayo haifanani. Muundi uko hatarini zaidi kwa sababu upande wake wa mbele umefunikwa na ngozi tu, bila misuli ya kuuletea damu. Wakati wa ajali mara nyingi mfupa hutoboa ngozi hiyo na kuingiza uchafu.

Mgonjwa mwenyewe pia ana mchango. Sigara hubana mishipa midogo ya damu na kuchelewesha uponaji. Kisukari kisichodhibitiwa, lishe duni na upungufu wa vitamini D hufanya hivyo hivyo. Maambukizi ndani ya mfupa yanaweza kuzuia uponaji kwa miaka mizima.

Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliweka kipimo ambacho bado hutajwa sana: mfupa huhesabiwa kuwa haukuunga ikiwa imepita angalau miezi 9 tangu kuumia na katika miezi 3 ya mwisho hakuna dalili yoyote ya maendeleo kwenye picha. Makadirio ya zamani yalisema tatizo hili huwapata kati ya watu 5 na 10 katika kila 100 wanaovunjika. Utafiti wa Uskoti uliochapishwa mwaka 2017 ulihesabu kwa watu wazima na kupata chini ya 2 kwa 100, ingawa kwa muundi na mtulinga, katika umri fulani, kiwango kilipanda sana. Hata hiyo 2 kwa 100, mahali ambapo ajali ni nyingi, ni umati wa watu.

Picha ya eksirei inasema mengi kwa anayejua kuisoma. Chukua picha mbili za muundi, zote za mwezi wa kumi. Katika ya kwanza, ncha mbili za mfupa zimevimba na kutanuka kama mguu wa tembo, zimejaa mfupa mpya pande zote, lakini katikati kuna mstari mweusi ambao haujafungwa. Mfupa huu una damu na una seli. Umejitahidi kujenga daraja na daraja limekatika kila mara kwa sababu ncha zinachezacheza. Katika picha ya pili, ncha zimechongoka na kukonda, hakuna mfupa mpya hata chembe, na pengo kati yake linaingiza kidole. Mfupa huu hauna nguvu ya kujenga. Wagonjwa wawili hawa wana malalamiko yale yale, wamevunjika mahali pale pale, na wamesubiri muda ule ule. Hata hivyo ni wagonjwa wa maradhi mawili tofauti, na wimbi litakalomsaidia wa kwanza huenda lisimfae wa pili kwa lolote.

Kutoka kwenye ndege hadi kwenye mfupa

Chanzo cha tiba hii ni kiwanda cha ndege. Kampuni ya Dornier ya Ujerumani ilikuwa ikichunguza namna matone ya mvua yanavyoharibu bodi la ndege iendayo kwa kasi kuliko sauti. Wahandisi wakaona kwamba tone likigonga bodi huzalisha wimbi linalosafiri ndani ya chuma na kuleta uharibifu mbali na mahali lilipogonga. Kutokana na hilo likaja wazo la kuvunja mawe ya figo. Tarehe 7 Februari 1980, mjini Munich, Christian Chaussy na wenzake walimtibu mgonjwa wa kwanza wa mawe ya figo kwa mawimbi mshtuko. Ndani ya miaka michache upasuaji wa kufungua figo ulipungua sana duniani.

Madaktari wa figo walikuwa na hofu moja. Mawe yaliyoshuka kwenye mrija wa mkojo hukaa karibu na nyonga, na mawimbi yangeweza kuudhuru mfupa ule. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 Gerald Haupt na wenzake nchini Ujerumani walifanya majaribio kwa wanyama ili kujua athari hizo, wakakuta mfupa uliopigwa kwa kipimo kinachofaa umechochewa kujenga. Mwaka 1991 Valchanou na Michailov wa Bulgaria walichapisha matokeo ya wagonjwa 82 ambao mifupa yao ilichelewa au iligoma kuunga. Kati yao, mifupa ya 70 iliunga. Tiba mpya ilikuwa imepata mlango.

Kinachotokea ndani ya mwili

Wimbi mshtuko ni pigo moja tu. Shinikizo hupanda kwa muda mfupi mno hadi kufikia mamia ya mara ya shinikizo la hewa tunayoivuta, kisha hushuka chini ya sifuri na kutulia, yote ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Mwili wa binadamu ni maji kwa kiasi kikubwa, hivyo wimbi lililozalishwa ndani ya maji hupita ngozi na nyama bila kupoteza nguvu nyingi. Linapokutana na mfupa, ambao ugumu wake ni tofauti, hapo ndipo nguvu inapoachiwa.

Mwanzoni wataalamu waliamini kwamba wimbi huuvunja tena mfupa kwa nyufa ndogo ndogo, na mwili huitikia kana kwamba umeumia upya. Maelezo hayo leo hayashikiliwi sana, kwani mfupa huitikia hata kwa vipimo visivyoacha ufa wowote. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba seli huhisi mvuto na msukumo wa wimbi kwenye utando wake, kisha huugeuza kuwa ujumbe wa kikemikali. Nchini Taiwan, Ching-Jen Wang na wenzake walionyesha kwa wanyama kwamba baada ya mawimbi huongezeka vichochezi vinavyootesha mishipa mipya ya damu na protini zinazoamuru seli kujenga mfupa. Hili linaeleza kwa nini matokeo hayaonekani wiki inayofuata. Mishipa huota kwanza, mfupa hufuata, na daktari hupiga picha ya kupima maendeleo baada ya miezi mitatu, halafu sita.

Tiba yenyewe kwa mfupa mkubwa si jambo la kliniki ya mtaani. Mgonjwa hulazwa mezani na kupewa ganzi au usingizi, maana mapigo ya nguvu kubwa kwenye mfupa yanauma. Mashine ya eksirei ya chumba cha upasuaji huonyesha ufa ulipo, na daktari huweka alama kwenye ngozi mahali ambapo wimbi halitapita kwenye mishipa mikubwa ya damu na ya fahamu. Jeli hupakwa kwa wingi, kwa sababu hata kiputo kimoja cha hewa kati ya kichwa cha mashine na ngozi hurudisha wimbi lilikotoka. Kisha mapigo huanza, kila moja na mlio mkavu, maelfu kwa maelfu, na kila baada ya muda picha hurudiwa kuhakikisha mguu haujasogea. Mgonjwa huondoka na wekundu, uvimbe, pengine michubuko midogo. Na huondoka akiwa amefungwa tena plasta ngumu (POP) au vyuma vya nje, kwa sababu mfupa ulioamshwa ukiachwa uchezecheze utarudi pale pale.

Ushahidi una uzito gani

Mjini Vienna, Wolfgang Schaden na wenzake walichapisha mwaka 2001 matokeo ya wagonjwa 115. Mifupa ya 87 kati yao, sawa na asilimia 75.7, iliunga. Takwimu hizi zikiwekwa pamoja na zile za Bulgaria zinavutia. Zina kasoro moja kubwa: hazina kundi la kulinganisha. Mgonjwa aliyepigwa mawimbi pia alifungwa upya, akapumzishwa, akafuatiliwa kwa makini. Wengine walikuwa na mifupa iliyochelewa tu, ambayo ingeweza kuunga yenyewe kwa kuongezewa muda. Bila kundi la pili hakuna awezaye kusema ni sehemu gani ya ushindi ni ya wimbi na ni ipi ya POP na subira.

Utafiti uliolijibu swali hilo kwa nguvu zaidi ulitoka Italia mwaka 2009. Cacchio na wenzake waliwagawa kwa kura wagonjwa 126 ambao mifupa yao mirefu iligoma kuunga, wote wa ile aina yenye ncha zilizovimba. Makundi mawili yalipata mawimbi ya vipimo viwili tofauti, mara nne, mapigo 4,000 kila mara. Kundi la tatu lilifanyiwa upasuaji. Baada ya miezi sita mifupa iliyounga ilikuwa asilimia 70 na 71 kwa makundi ya mawimbi, na 73 kwa upasuaji. Tofauti hiyo haina uzito wa kitakwimu. Kwa upande wa maumivu na matumizi ya kiungo, waliopata mawimbi walikuwa mbele katika miezi ya mwanzo, na kufikia mwaka wa pili wote walilingana.

Mwaka 2010 John Furia na wenzake nchini Marekani walilinganisha njia hizo mbili kwa mfupa mmoja wa unyayo unaojulikana kwa ukaidi, ule wa tano upande wa kidole kidogo. Baada ya miezi mitatu mifupa 20 kati ya 23 iliyopigwa mawimbi ilikuwa imeunga, na 18 kati ya 20 iliyotiwa skrubu. Matatizo yaliyofuata tiba yalikuwa 1 upande wa mawimbi na 11 upande wa skrubu.

Kwa hesabu hiyo, kwa mgonjwa wa aina ile ya kwanza mawimbi yanakaribia upasuaji kwa matokeo na yanaushinda kwa usalama. Hata hivyo tafiti za namna hii ni chache, wagonjwa ni wachache, na haiwezekani kumficha mgonjwa kwamba amepasuliwa au hajapasuliwa. Tahadhari nyingine inatoka kwa tiba jirani. Kwa miaka mingi mawimbi hafifu ya sauti yaliuzwa kama kichocheo cha uponaji wa mifupa iliyovunjika, na tafiti ndogo ziliyapa moyo. Kisha mwaka 2016 jarida la BMJ likachapisha jaribio la wagonjwa 501 wa Amerika Kaskazini waliovunjika muundi, nusu wakiwa na kifaa halisi na nusu kifaa kisichotoa chochote. Hakuna tofauti iliyoonekana. Mawimbi mshtuko ni kitu kingine kwa nguvu na kwa namna yanavyofanya kazi, kwa hiyo hukumu ile haiyahusu moja kwa moja. Linaloyahusu ni somo lake: kwenye mfupa, ambao asili yake ni kupona, tiba yoyote huonekana hodari mpaka ipimwe na kundi la kulinganisha.

Ndiyo maana mamlaka hazikubaliani. Chama cha kimataifa cha tiba hii, ISMST, kilichoanzia Vienna mwaka 1997, kinauhesabu mfupa usiounga miongoni mwa matumizi yake makuu. FDA ya Marekani iliidhinisha mashine hizi kwa maumivu ya kisigino mwaka 2000 na ya kiwiko mwaka 2003, na mfupa usiounga haukuwemo katika idhini hizo.

Nani anafaa, nani asipelekwe

Anayefaa ni yule ambaye mfupa wake una uhai, pengo lake ni dogo, halizidi milimita chache, ncha zimenyooka, na umeshikwa imara au unaweza kushikwa imara. Vyuma vilivyo ndani si kizuizi, kwani wimbi linaweza kuelekezwa pembeni yake. Asiyefaa ni mwenye pengo kubwa, mwenye ncha zilizokonda na kufa, mwenye mfupa uliopinda unaohitaji kunyooshwa, na mwenye vyuma vilivyolegea. Huyu anahitaji kupandikizwa mfupa, kubadilishiwa vyuma, au kuwekewa pete za nje kwa njia aliyoianzisha Gavriil Ilizarov huko Kurgan, Siberia.

Yapo pia makatazo ya usalama. Mawimbi ya nguvu kubwa hayapigwi penye saratani, juu ya mapafu, kwa mjamzito katika eneo lililo karibu na mtoto, kwa mwenye damu isiyoganda vizuri, wala kwenye ncha za mifupa ya mtoto ambaye bado anakua.

Watetezi husema kwamba mawimbi yakishindwa mgonjwa hajapoteza kitu, kwa kuwa upasuaji bado unawezekana. Ni kweli kwamba hayaharibu njia ya upasuaji. Si kweli kwamba hakuna kinachopotea. Miezi sita ya kusubiri matokeo ni miezi sita bila kipato kwa fundi, dereva au mkulima. Kumpeleka asiyefaa kwenye mashine ni kumnyang'anya muda huo.

Hatari nyingine ni kuchanganya mashine. Vifaa vingi vilivyomo katika kliniki za mazoezi ya viungo huitwa vya mawimbi mshtuko, lakini ndani yake hewa iliyobanwa hurusha risasi ndogo inayogonga kichwa cha kifaa. Nguvu yake kubwa iko kwenye ngozi na hupungua kadiri inavyozama, ikiishia sentimita chache tu. Kwa maumivu ya kano za kisigino vinaweza kusaidia. Mfupa wa paja uliogoma kuunga unahitaji mashine inayokusanya mawimbi na kuyakutanisha ndani kabisa, na tafiti za mawimbi mshtuko kwa wagonjwa nilizozitaja zilitumia mashine za namna hiyo. Anayelipia moja akidhani ni nyingine hulipa bure.

Funzo kwa hospitali zetu

Afrika Mashariki ina sababu ya kulifuatilia suala hili. Pikipiki za bodaboda zimejaza wodi za mifupa vijana wenye miundi iliyovunjika na vidonda wazi. Wengine hupitia kwanza kwa waunga mifupa wa kienyeji, wengine hungoja muda mrefu zamu ya upasuaji. Katika mazingira haya mifupa isiyounga haitakosekana, na tiba isiyohitaji kisu wala kitanda cha wiki kadhaa inavutia.

Lakini mpangilio wa vipaumbele hauna budi kuheshimiwa. Kidonda wazi kikisafishwa mapema na kupewa antibiotiki kwa wakati, mfupa ukashikwa imara tangu mwanzo, wagonjwa wengi hawatafika huko kwenye kugoma. Shirika la SIGN, lililoanzishwa na daktari Lewis Zirkle huko Richland, Marekani, mwaka 1999, limeonyesha njia. Vyuma vyake vya ndani vinaweza kuwekwa bila mashine ya eksirei katika chumba cha upasuaji, na vimetumika kwa miaka mingi katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI, na katika hospitali nyingine za ukanda huu. Jambo la kuigwa zaidi ni sharti lake: hospitali hutuma kumbukumbu na picha za kila upasuaji, na kwa kumbukumbu hizo hupata vyuma vingine. Kifaa na takwimu huenda pamoja.

Sharti hilo ndilo linalofaa kwa mawimbi mshtuko. Mashine moja ya kukusanya mawimbi katika hospitali ya rufaa, iliyo chini ya madaktari bingwa wa mifupa, yenye daftari la kila mgonjwa na picha zake za mwezi wa tatu na wa sita, itawafaa wananchi kuliko mashine kumi za kugonga ngozi zilizotapakaa mijini. Zaidi ya hayo, daftari hilo lingejibu swali ambalo tafiti za Vienna na Italia haziwezi kutujibia: mfupa wa kijana aliyefikishwa hospitali kwa kuchelewa, mwenye kidonda kilichowahi kuoza, huitikiaje?

Kwa mgonjwa na ndugu zake, kabla ya kutoa fedha, ombeni daktari awaonyeshe picha na awaeleze mambo matatu: mfupa umegoma kwa sababu gani, umeshikwa imara kiasi gani, na mashine itakayotumika inafika kina gani. Mwenye majibu matatu yaliyonyooka, na mfupa wake ukawa hai, ana haki ya kupewa mawimbi kabla ya kisu. Asiyepewa majibu hayo asilipe, atafute daktari bingwa wa mifupa atakayempa.